Kitufe Ambacho Seremala Hakukibonyeza

Nyumbani kwa seremala, kijiko cha chuma kilikuwa haramu. Tangu masikio yake yaanze kulia mfululizo kama nyenje, kila sauti nyingine ilimchoma, na adhabu wakaipata wengine. Mkewe alikoroga chai kwa kijiti. Watoto walicheka kwa zamu. Kuku mmoja alichinjwa kwa kosa la kutangaza yai lake.

Lakini kule karakana hakuwa na amri hizo. Kazi yake ilikuwa msumeno wa umeme, na ulipouma ubao, alitamani kulia. Mwenye karakana alimwambia waziwazi: "Fundi, nenda ukapimwe. Wakisema kelele zinakudhuru, nakuhamishia kwenye vanishi, huko ni kimya. Wakisema mzima, rudi kwenye msumeno, na usinichoshe tena."

Basi akaenda hospitali, na mkewe akamsindikiza. Mpimaji alikuwa msichana wa rika la bintiye wa kwanza. Akamvalisha hedifoni, akamkabidhi kitufe.

"Baba, wenye mlio masikioni wengi hawavumilii sauti. Nitaipandisha polepole nione mwisho wako. Ikianza kukukera tu, bonyeza. Usijikaze."

Usijikaze! Mtu aliyewahi kujikata kidole akamalizia kabati kwanza, leo aambiwe asijikaze na mtoto wa juzi, tena mbele ya mkewe! Sauti ikapanda, ikamchoma, akatabasamu. Ikapanda tena, akauma meno. Machozi yakamtoka, akasingizia vumbi la mbao, katika chumba kilichodekiwa kikang'aa.

"Baba, bado haikukeri?"

"Hii nayo ni sauti?"

Msichana akapandisha mpaka akaogopa mwenyewe, akazima. "Masikio yako yanavumilia kuliko yangu, baba. Siwezi kusema kelele zinakudhuru."

Seremala akatoka kifua mbele. Alipofika getini ndipo alipoukumbuka msumeno, na baridi ikamwingia moyoni. Ushujaa mwingine ni ujinga uliovaa suruali.

Jioni mkewe alivuta boksi chini ya kitanda, akatoa kijiko cha chuma, akakoroga chai yake kwa raha zote. Kling, kling. Seremala akaziba masikio kwa viganja.

"Mama watoto, acha. Inaniuma."

"Inakuuma wewe? Si nilikusikia kwa masikio yangu? Hii nayo ni sauti?" Akakoroga tena, kisha akamwona anatetemeka, akakiweka kijiko chini taratibu. "Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu. Kesho turudi kwa yule binti. Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi: inaniuma. Neno moja tu."

Seremala akauwaza uso wa yule msichana akilisikia neno hilo. Usiku kucha nyenje walimlilia.

Asubuhi mkewe alivaa gauni la kutokea, akamkuta hayupo. Alikuwa ameshafika karakana na kuuwasha msumeno.