Blanketi la Dirishani

Ezron alitaka hita ya jua. Alikuwa ameiona juu ya bati la nyumba moja kule Mlowo anakonunuaga mahindi: vioo vimelala vinaota jua, tangi limekaa juu yake kama chifu. Mkewe Loisi alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na maji ya kumkanda yangehitajika asubuhi na jioni mpaka arobaini iishe.

Aliyepinga ni mama mkwe, mama Gwantwa, aliyeshuka toka Ileje na jogoo mmoja na maneno ya kutosha mtaa mzima wa Sogea. Hakumwambia Ezron usoni. Aliwaambia wageni, Ezron akasikia. Jua la Tunduma mwezi wa sita ni la kuazima, alisema, linachungulia mchana halafu linarudi ndani. Sasa alfajiri mzazi akandwe na uvuguvugu? Wageni wakacheka, na Ezron akashindwa kesi nyumbani kwake mwenyewe.

Ndipo fundi Clever akavusha kisanduku toka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Hita ya gesi, haina tangi. Ukifungua bomba moto unajiwasha wenyewe, puu, na maji yanatoka yanafuka. Clever alishauri kifungwe nje, ukutani, maana kinakula hewa na kutoa moshi usioonekana wala kunukia. Ezron akamuuliza kama Sogea anaijua au anaisikia tu. Juzi tu wezi walikuwa wameng'oa mita ya maji ya jirani, bomba likabaki linalia. Kikafungwa ndani ya bafu.

"Basi braza, dirisha lile lisizibwe," Clever alisema. "Likizibwa, kitaua mtu."

Loisi alikuwa ameshalazwa, anasubiri uchungu. Ezron akang'oa kioo chote cha dirisha la bafu, asije mtu akalifunga, akaona kazi imeisha. Kumweleza mama Gwantwa hakumweleza. Mkwe anaanzaje kuongea na mama mkwe habari za bafu?

Loisi alirudi na mtoto wa kiume, Ambwene. Mama Gwantwa alipoingia bafuni kuandaa maji, upepo ukampiga kisogoni. Akaguna. Mzazi mbichi, viungo bado viko wazi, aachwe apigwe na baridi? Akachukua blanketi zito akalishindilia dirishani, na tambara chini ya mlango. Akimaliza kukanda analichomoa, analianika, analikunja kabla Ezron hajarudi. Vitu vya mzazi si vya kuonwa na mkwe.

Nyumba ilijaa watu kila siku. Uji haukauki jikoni, maneno hayakauki sebuleni. Lakini Loisi kila akitoka kukandwa kichwa kilimgonga, kizunguzungu kikamshika, akatapika. Mama Gwantwa naye alianza kutembea ameshika ukuta. Rozi, jirani wa mlango wa pili, aliona moto wa kile kisanduku, uliokuwa wa bluu, umekuwa wa njano na ulimi mrefu. Mama Gwantwa akafurahi, akasema sasa ndiyo umeiva.

Sebuleni walisema kwanza ni damu imepungua. Halafu mmoja akamkumbuka Restuta. Si ndiye aliyekaribia kuolewa na Ezron? Na si alikuja na sabuni, akampakata mtoto, akasema ni mzuri mno? Nani anasema mno? Sabuni ikatupwa chooni.

Jumamosi jioni habari za Restuta zilikuwa zimefika pale penye utamu. Huko bafuni mama Gwantwa alikuwa anakanda huku anaimba pambio. Rozi ndiye aliyegundua kwamba pambio limekatika katikati ya ubeti, na maji bado yanamwagika.

Aligonga. Akaita. Akausukuma mlango kwa bega. Ndani ya mvuke wawili walikuwa wamelala sakafuni. Loisi alikuwa uchi, na nje kulikuwa na wanaume, kwa hiyo Rozi akalivuta blanketi dirishani akamfunika, yeye na wageni wakawaburuta wote wawili mpaka uani. Loisi alikohoa. Mama Gwantwa hakukohoa.

Ezron aliporudi alikimbilia bafuni kwanza. Dirisha lilikuwa wazi, kama alivyoliacha, upepo unaingia mpaka unampuliza usoni. Alipotoka, aliuliza kitu kimoja tu.

"Restuta alimpakata mtoto lini?"

Walimzika mama Gwantwa kwao Ileje. Arobaini ya Loisi ilikuwa haijaisha, na mzazi haachwi njiani, hivyo shangazi Fortunata akaja kuendeleza pale marehemu alipoishia. Aliingia bafuni, upepo ukampiga kisogoni. Akauliza kwa ukali ni nani anamwacha mzazi kwenye baridi hii.

Rozi akalitoa blanketi kwenye kamba. Lilikuwa limefuliwa, limekauka vizuri.

Sebuleni Ezron alikaa na Ambwene mapajani, akiwasikiliza watu wakisimulia jinsi mlango wa Restuta ulivyopigwa mawe jana. Mlango wa bafu ukafungwa. Puu. Maji yakaanza kumwagika, na shangazi akaanzisha pambio.

Wageni walinyamaza kidogo kumsikiliza. Wakakubaliana kwamba ana sauti nzuri kuliko ya marehemu.