Kifuniko cha Bluu

"Mahindi yangu inakufa, Osiako, na wewe umesimama hapo kama—"

"Mama, ni jua tu, si unaona vile jua—"

"Jua gani? Jua imeruka kwa jirani Lusweti, ikaruka kanisa, ikakuja kwangu peke yangu?"

"—ikinyesha mara moja tu, itarudi rangi—"

"Juzi imenyesha. Ulikuwa wapi, ukilala?"

Mama Zipporah aling'oa mche mmoja akaunyoosha mbele ya pua ya Osiako. Majani yalikuwa ya manjano tangu katikati, manjano ya kiini cha yai. Nusu ekari nzima ilikuwa hivyo. Siku tano tu zilizopita mahindi hayo yalikuwa yamefika magotini, meusi kwa afya, na Osiako alipita katikati yake na pampu mgongoni akipiga dawa ya magugu huku akiimba. Sasa hakuwa na wimbo. Hiyo nusu ekari ndiyo ilikuwa obusuma, ugali wa Mama Zipporah na wajukuu wake wanne mpaka mwaka ujao, na Osiako alijua hivyo, kwa sababu alishakula kwenye meza hiyo mara nyingi kuliko alivyokula kwa mama yake mzazi.

"Basi ni dawa," akasema. "Dawa ya Cindy ni feki."

Neno lilitoka lenyewe. Kama lingekuwa mate angelimeza tena.

Cindy alikuwa msichana aliyemaliza masomo ya kilimo katika chuo cha Bukura na kufungua duka la dawa za shamba pale sokoni Mayoni mwaka jana tu.

"Feki," Mama Zipporah akarudia polepole. Akafunga leso kiunoni. "Naenda kumleta hapa saa hii. Na kama ni feki, hiyo duka inafungwa leo. Nitabeba chupa mpaka Mumias kwa watu wa kilimo. Wewe nenda ulete hiyo chupa."

Akasimamisha boda boda, akapanda kama mtu anayeenda vitani, akapotea kwenye vumbi.

Osiako alikuta mkewe, Emily, akipepeta maharagwe nyuma ya nyumba. Hakukaa.

"Nimesema ni Cindy," akasema.

Ungo ulisimama. "Umesema nini, baba Protus?"

Emily peke yake, katika Mayoni yote, ndiye aliyejua kwamba Osiako hawezi kusoma. Miaka kumi na tisa Osiako amepiga dawa kwa vifuniko. Kifuniko cha bluu, ya mahindi: inaua magugu ya majani mapana, inaacha mahindi na nyasi. Kifuniko chekundu, ya kusafisha shamba kabla ya kupanda miwa: hiyo inaua kila kitu hadi kumbukumbu yake. Alikuwa anajua dawa kwa harufu pia, na kwa vile inavyogeuka nyeupe ikikutana na maji, na watu walisema hakuna fundi wa dawa kama yeye kutoka hapa mpaka Butali. Msimu huu alinunua chupa mbili siku moja, moja ya kusafisha kwa Lusweti na moja ya Mama Zipporah. Moja ilikuwa na kifuniko cha bluu na nyingine cha kijani. Hakuona chekundu. Akajiambia, hao watu wa kampuni wanapendanga urembo, akaipeleka bluu mahali bluu inakwendanga, na kijani kwa Lusweti.

Kisha Jumatatu akapita kwa Lusweti. Nyasi zilizotakiwa kuwa zimekufa zilikuwa zimesimama wima, zinanenepa, karibu zimsalimie kwa jina. Hapo akajua amezibadilisha chupa. Sasa akamweleza Emily yote.

"Kwa hivyo umekaa siku mbili ukijua," Emily akasema.

"Nilikuwa naomba."

"Ukiomba nini? Magugu ya Lusweti iokoke?"

Siku nyingine wangecheka.

"Mwambie Mama Zipporah ukweli."

"Nimwambie fundi wa dawa hajui kusoma dawa? Nani ataniita tena? Tutakula nini?"

"Na msichana wa watu atakula nini?"

Osiako alichukua chupa chini ya ngazi ya kuku akatoka bila kujibu. Emily akavaa ndala akamfuata.

Walipofika shambani kwa Mama Zipporah, boda boda ilikuwa inageuka. Cindy alishuka akiwa bado na aproni ya dukani. Macho yake yalikuwa mekundu. Inaonekana njia nzima alikuwa akisomewa mashtaka.

"Habari ya asubuhi, mzee Osiako," akasema. "Nipe nione."

Akaishika chupa. Akaitazama kwa muda wa kumeza mate mara moja. Hiyo ndiyo ilimtisha Osiako kuliko yote: kwamba kitu alichokizunguka miaka kumi na tisa, mtu mwingine anakimaliza kabla mate hayajafika kooni.

"Hii si feki," Cindy akasema. "Hii ni ya kusafisha shamba. Mahindi lazima ife."

"Ya mahindi ni bluu," Osiako akasema.

"Walibadilisha vifuniko, ya mahindi sasa ni kijani. Lakini imeandikwa hapa mbele, kubwa."

Mama Zipporah aligeuza shingo pole pole kumtazama. Osiako akahisi jasho likishuka kwenye mfereji wa mgongo, pale ambapo pampu hukaa.

"Labda karatasi ilibandikwa vibaya huko dukani," akasema. Sauti ilikuwa yake lakini hakuitambua. "Mama, wewe unanijua. Huyu tunamjua tangu lini?"

Cindy aliipapasa ile karatasi kwenye chupa.

"Sawa," akasema Mama Zipporah. Akatwaa chupa, akampa Osiako mkononi. "Wewe ndiye mwenye kazi. Tusomee. Tusikie inasema nini."

Upepo ulipita ukayachakarisha yale majani ya manjano.

"Nimeacha miwani nyumbani," akasema Osiako. Alikuwa amelisema hilo kanisani, kwa chifu, kwenye kituo cha kura, hadi watu wakaamini miwani hiyo ipo.

Mama Zipporah akavua yake. Akampachika masikioni mwenyewe, taratibu, kama anayemvisha mtoto kofia.

Herufi zikawa kubwa. Hicho tu ndicho kilichobadilika. Zilisimama pale zimenona, nyeusi, kila moja na tumbo lake na mkia wake, na hakuna hata moja iliyomfungulia mlango. Akamwangalia Emily. Emily alikuwa anaangalia chini.

"Sijui kusoma, mama," akasema.

Hakuna aliyesikia vizuri, ikabidi aseme tena.

"Sijui. Sijawahi jua. Cindy hana makosa."

Mama Zipporah aliketi pale pale kwenye mtaro, katikati ya mahindi yake. Hakupiga kelele, na Osiako angelipenda sana apige. Cindy alijipangusa uso kwa aproni, akachukua chupa kutoka mkononi mwake.

"Ungeniuliza tu, mzee. Ningekusomea."

Akaanza kuifunga kwenye karatasi ya plastiki. Kidole chake kilipita juu ya mchoro wa fuvu la kichwa, na chini ya fuvu kulikuwa na maandishi madogo, mengi, yamebanana. Fuvu hilo Osiako alikuwa analijua. Siku zote alidhani ni alama ya kampuni.

"Na hayo ya chini ni nini?"

"Hayo? Mambo ya kujikinga tu. Ngozi, macho, kupumua, nguo za kazi zifuliwe wapi. Watu wanarukanga."

Osiako aliangalia vidole vyake, kucha zilizogeuka kahawia zamani, vidole vile vile anavyokorogea dawa. Kando yake, Emily alikuwa ameinua viganja vyake mwenyewe, vya kufua nguo za mumewe, akivitazama kama vya mgeni.

Wote walikuwa wanangoja aombe msamaha. Miwani ya Mama Zipporah ilikuwa bado usoni.

"Cindy," akasema, "tusomee hayo. Yote, pole pole, na usiruke."