Kadi Niliyomwandikia Akiho Mizuse

Albamu mpya ya Akiho Mizuse ilitangazwa kuwa itatoka Jumatano, kwa hiyo Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nimeshasimama mlangoni kwa muuza muziki wa hapa kwetu Nagaoka. Mzigo hufika siku moja kabla, na mwenye duka akikujua hakuzungushi. Nilichukua nakala tatu kama kawaida: moja ya kusikiliza, moja ya kuhifadhi ndani ya nailoni yake isifunguliwe milele, na moja ya kumpa mtu ambaye bado hajui anachokikosa.

"Miaka saba, Bi Fusako," muuzaji aliniambia akifunga mfuko. "Nilidhani umeshahamia kwa waimbaji vijana wa Korea."

"Nihamie wapi na magoti haya? Wale wanacheza, mimi nakaa."

Nilicheka naye, nikarudi dukani kwetu, nikaiweka albamu juu ya rafu ya sabuni. Siku hiyo sikuifungua. Jumatano pia sikuifungua. Mume wangu Shigeo aliitazama, akanitazama mimi, akaenda zake kutoa mablanketi kwenye mashine. Ndoa ya miaka thelathini na minne inamfundisha mtu wakati wa kunyamaza.

Sisi ni madobi. Duka letu liko nyuma ya kituo cha treni, na mashati ya nusu ya mji huu yamepita chini ya pasi yangu huku Akiho akiimba kwenye redio ndogo juu ya kichwa changu. Nilianza kumsikiliza yeye akiwa na miaka kumi na minane, mimi thelathini, na mtoto wa pili alikuwa hajafikisha mwezi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba siku moja nilikaa chini katikati ya nguo chafu nikaona siinuki tena. Akiho akaanza kuimba redioni. Wala haukuwa wimbo wa maana, ulikuwa wimbo wa kitoto kuhusu baiskeli, lakini niliinuka. Kwa hilo namshukuru mpaka leo, na sioni haya kulisema.

Sasa nieleze kosa langu.

Ndani ya kila albamu kunakuwa na kadi ya posta ya kurudisha kwa kampuni. Inakuuliza umri, kazi, wimbo ulioupenda, na chini kuna mistari mitatu mitupu ya kumwambia mwimbaji lolote. Watu wenye adabu huandika, "Tumefurahi sana, tunasubiri nyingine kwa hamu." Hata kama hujafurahi unaandika hivyo hivyo, ndivyo tulivyolelewa. Miaka saba iliyopita ilitoka albamu yake ya tisa, ya tatu ndani ya miaka miwili, na nilipoisikiliza nikamsikia akivuta pumzi katikati ya neno. Akiho hakuwa mtu wa kuvuta pumzi katikati ya neno. Nikapandwa na hasira, sijui za kumkasirikia nani, nikazima pasi, nikachukua kalamu, nikaandika: "Unaimba kama mtu anayekimbilia treni ya mwisho. Nimekusikiliza miaka ishirini na minne. Nenda nyumbani ukapumzike."

Nilikuwa na kadi mbili, moja ya nakala yangu na moja niliyoichomoa kwenye nakala ya kugawa. Kwetu sisi mashabiki kadi haitupwi. Niliandika maneno yale yale kwenye zote mbili. Moja niliitumbukiza kwenye sanduku la posta siku hiyo, na nyingine kesho yake nilipoikuta mfukoni mwa aproni.

Baada ya miezi mitatu kampuni yake ilitoa tangazo la mistari minne: Akiho Mizuse anasimamisha kazi zake zote, haijulikani mpaka lini, sababu hazitatajwa.

Sababu nilizijua mimi. Au nilidhani nazijua, na kwa miaka saba nimelala nazo na kuamka nazo.

Mtu pekee aliyejua habari hii ni Tamie, mpishi mstaafu wa shule, ambaye tulikutana kwenye foleni ya tamasha mwaka 1998 tukagombania mwavuli na hatujaachana tangu siku hiyo. Alhamisi aliingia dukani bila kubisha hodi.

"Umeisikiliza?"

"Bado."

"We Fusa una wazimu. Siku mbili! Mimi nimeshaisikiliza mpaka jirani anaimba."

"Naogopa, Tamie. Kama sauti imeharibika ni mimi."

"Yaani mtu mzima, nyota, aache kazi kwa sababu dobi mmoja wa Nagaoka amenuna?"

"Hukuona nilichoandika."

"Nilikisikia. Ulinisomea kwenye simu huku unajisifu. Ulimi wako ni mkali, sawa, lakini haufiki Tokyo." Aliichukua albamu kwenye rafu, akachana nailoni kwa meno, akaitia kwenye redio. "Piga pasi. Nyamaza."

Nitasema nilichokisikia, bila kupamba. Sauti imeshuka. Zile sauti za juu alizokuwa akizifikia huku anatabasamu sasa hazifikii, na nyimbo zimeshushwa ili asiumie. Wimbo wa pili ni mbovu: kuna ngoma ya mashine inayogonga mfululizo kama kifungo cha shati kilichopotelea ndani ya mashine ya kukaushia. Wa nane ni mrefu bure. Lakini hakuvuta pumzi katikati ya neno hata mara moja. Sauti imekuwa kama shuka iliyofuliwa miaka mingi, imepoteza ule mng'aro wa dukani na sasa ndiyo unayotaka kujifunika.

Halafu ukaja wa tano, "Viatu Mlangoni". Ni habari ya binti anayeishi na mama yake mgonjwa. Kila jioni anavigeuza viatu vya mama vielekee nje, tayari kuvaliwa, ingawa mama hatoki tena. Basi, ndio wimbo wote. Nilisimama na pasi mkononi mpaka nikasikia harufu, na kola ya shati la Bwana Hoshino wa benki ilikuwa imeshaungua.

"Unaona?" Tamie alisema huku anajifuta pua. "Haijaharibika."

"Haijaharibika," nilisema. "Lakini ni miaka saba, Tamie. Angeimba ngapi ndani ya miaka saba?"

Alitoa simu yake akanionyesha: Jumamosi, mjini Niigata, ghorofa ya sita ya jengo la maduka, Akiho mwenyewe atasaini albamu. Ukinunua nakala moja unapata tiketi moja, na mtu haruhusiwi kupita zaidi ya mara mbili. Kila mara ni sekunde kumi.

Katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kwenda kwenye mambo hayo. Nilikuwa na wivu na wanaokwenda, na pia niliwadharau kidogo. Lakini nilikuwa na tiketi za nakala zangu, na nilikuwa na swali moja tu duniani: ni mimi niliyemnyamazisha? Shigeo aliponiona nimevaa koti la harusini alisema, "Dukani nitakaa mimi. Usimfokee."

Foleni ilikuwa ya watu wa rika letu. Wanaume wenye upara walikuwa wamejifunga shingoni taulo za ziara ya mwaka 2001, wanawake wamechana nywele upya, na wote tulikuwa tunachezesha midomo kimya kimya, kila mtu anakariri maneno yake ya sekunde kumi. Mbele, kando ya meza, alisimama bwana mmoja wa suti nyeusi mwenye saa ya kuhesabia. Sekunde zikiisha anakuwekea mkono begani, kwa heshima, na unajikuta umeshaondoka.

Akiho alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Ana miaka arobaini na tisa na mikunjo miwili kando ya mdomo.

"Karibu. Nimwandikie nani?"

"Fusako, wa Nagaoka. Mimi... miaka saba iliyopita nilikuandikia kadi. Nilisema unaimba kama mtu anayekimbilia treni ya mwisho. Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Kalamu ilisimama katikati ya jina langu. Aliinua uso akanitazama, akafungua mdomo.

"Asante sana, mama, muda umekwisha," bwana wa suti alisema, na mkono wake ulikuwa tayari begani.

Nilijikuta karibu na ngazi nimeshika albamu yenye nusu ya jina langu. Tamie alikuja mbio.

"Amesemaje?"

"Hakusema."

"Uso ulikuwaje?"

"Ulikuwa uso tu, Tamie. Ametulia, ananitazama. Ni mimi. Twende nyumbani."

"Na tiketi ya pili?"

"Nimeshaumia ya kutosha."

"Sikiliza we mwanamke." Alinishika mkono wa koti. "Miaka saba umeniimbia habari ya kadi mpaka nimeichukia. Nimekupikia, nimekubembeleza, nimekutukana, hukusikia. Leo umeuliza, jibu hujasubiri. Rudi kwenye foleni au nitakubeba, na unajua mgongo wangu."

Nilirudi. Ilichukua dakika arobaini. Nilipobakiza watu watatu, Akiho aliniona. Alinitazama mara moja, akaendelea kusaini.

"Zilikuja mbili," alisema kabla sijaifikia meza vizuri.

"Nini?"

"Kadi. Mwandiko mmoja, maneno yale yale. Ya kwanza meneja aliitupa, walikuwa wananiletea za kunisifu tu. Hakujua kuna ya pili. Alipoikuta mezani kwangu alishangaa mpaka akaungama mwenyewe." Alikuwa anaongea haraka, kwa sauti ya chini, kalamu ikiwa hewani. "Mama yangu alikuwa amelazwa hospitalini, nyumbani kwetu Toyama. Kazini wananiambia nimalize ziara kwanza. Mashabiki wote wananiandikia wananisubiri kwa hamu. Kwa hamu, kwa hamu. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia nenda nyumbani, isipokuwa wewe."

Mkono ukanigusa begani. "Mama, muda—"

"Bado," Akiho alimwambia, na mkono ukatulia ulipo. "Nilikwenda, dada. Nilikaa naye miaka miwili na miezi minne, mpaka mwisho. Baada ya hapo sikuweza kuimba, halafu nikaweza. Ungekuwa umeweka anwani ningekuandikia. Umenisumbua sana kukutafuta."

Miaka saba nilijiandaa kulaumiwa, na kulaumiwa ningekuweza. Nilisimama tu machozi yananidondoka kwenye koti la harusini.

"Na hii mpya?" aliuliza. "Sema kweli. Wewe sema kweli."

Nyuma yangu watu walikuwa wameacha kukariri, wanasikiliza.

"Wimbo wa pili ni mbovu," nilisema.

Mtu mmoja kwenye foleni alishtuka kwa sauti. Akiho aliweka paji la uso juu ya meza akacheka, kicheko kizito cha mtu aliyelelewa kwenye kelele za ndugu wengi. "Niliukataa huo! Niliwaambia! Na wa tano?"

"Wa tano nimeunguza shati la mtu."

Hapo aliacha kucheka. Alisimama, akavuta kiti nyuma, akaniinamia. Si ile ya kuinamisha kichwa kwa mteja. Aliinama mpaka nywele zake zikafika mezani. Ikanibidi na mimi niiname, na kwa kuwa yeye alikuwa chini sana nikainama zaidi. Sasa mtu akikuinamia hivyo huwezi kuinuka kabla yake, na yeye naye hakukubali kuinuka kabla yangu. Tukabaki hivyo. Bwana wa suti aliondoa mkono wake, maana hakujua amvute nani.

Nikiwa nimeinama hivyo, kichwa karibu na magoti, nilisema asante yangu ya miaka thelathini na mmoja, ya baiskeli na ya kila shati, kwa sauti ndogo ambayo sikutaka mtu mwingine aisikie. Kutoka upande wa pili wa meza nikamsikia naye akiniambia neno hilo hilo.