Ndoo Arobaini za Babu Ilarie

Mwalimu Tudose, umetugawia fomu. Umetugawia kama unavyogawa kila mradi ukiisha, kana kwamba huu nao umeisha. "Umejifunza nini kuhusu sayansi? Umejifunza nini kuhusu kufanya kazi kwa kikundi?" Mistari kumi kwa kila swali, mwandiko safi. Haya. Mistari kumi hainitoshi, nimebandika karatasi zangu mwenyewe, na atakayenuna anune.

Kikundi chetu tulikuwa wanne. Lăcrămioara ndiye kiongozi, maana yule huwa kiongozi hata kwenye foleni ya mkate. Costel ni mchekeshaji. Petrișor anakubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Na mimi, Smaranda, nikachaguliwa kuwa mwandishi kwa sababu nina mwandiko mzuri. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na hilo silifichi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Visima vitano vya kando ya barabara, vijikaratasi kumi na viwili vya kupimia nitrati. Unachovya, unasubiri dakika moja, unalinganisha rangi. Kikibaki cheupe, maji ni salama. Kikiwa cha waridi, jihadhari. Kikiwa zambarau, hayo maji si ya kumpa mtoto mchanga. Ulitueleza mwenyewe darasani, ukigonga ubao kwa kidole: mtoto wa chini ya miezi sita akinywa maji ya namna hiyo, damu yake inashindwa kubeba hewa, anageuka rangi ya buluu. Ukaongeza kwamba kuyachemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa kuwa maji yanapungua na sumu inabaki. Niliandika daftarini na nikapiga mstari kwa rula. Kwa hiyo mtu asije kunitetea kwamba sikujua.

Vijikaratasi kumi na viwili kwa visima vitano vinatosha na kubaki, ili upime mara mbili mbili. Ndivyo ulivyotuagiza. Lakini Costel alichovya kimoja kwenye pombe ya plamu ya mjomba wake, kingine kwenye chupa ya maji ya baraka ya bibi yake, vitatu akamlazimisha Petrișor avitemee mate. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hata mimi nilicheka. Petrișor naye akaangusha viwili kwenye tope. Tulipofika kisima cha tano, tulibaki na kimoja tu.

Kisima cha tano ni cha babu yangu.

Babu Ilarie alikichimba mwenyewe akiwa hai na nguvu zake, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya, ili wapita njia wanywe na kila kikombe kihesabiwe kwake huko aendako. Jina lake limechongwa kwenye saruji. Alifariki mwezi wa pili, na kesho yake baada ya mazishi nikaanza kumbebea maji. Msichana wa ukoo anateka ndoo moja kila asubuhi, anaipeleka nyumba isiyo yake, bila kusimama njiani, bila kugeuka nyuma, bila kulipwa. Kila ndoo unachonga alama moja kwenye fimbo. Ndoo arobaini. Ukikatiza katikati, marehemu anabaki na kiu, na kiu ya huko haina wa kuituliza.

Nyumba aliichagua Bibi Sanda, mjane wake. "Mpelekee Tinca," alisema. "Pampu yake imekufa, mume yuko Hispania anachuma stroberi, yuko peke yake na kichanga. Hiyo ndiyo thawabu yenyewe."

Kichanga hicho kiliitwa Sorinel. Kilikuwa na miezi miwili, na maziwa ya Tinca yalikuwa yamekauka wiki ya tatu. Mtoto alikuwa akinywa maziwa ya kopo. Unajua yanavyokorogwa, Mwalimu. Kwa maji.

Siku tuliyopima, fimbo yangu ilikuwa na alama kumi na tisa.

Costel alichovya. Tukahesabu sekunde kwa sauti, tukitaniana. Tulipofika arobaini kile kijikaratasi kilikuwa kimeshapita waridi na kinaendelea. Sekunde ya sitini kilikuwa zambarau kama bitiruti. Mia mbili na hamsini. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni hamsini.

"Lo!" Costel akasema. "Smaranda, babu yako alichimba kisima au choo?"

"Mdomo wako huo!" nikamwambia. Nilitaka kumchapa.

Lăcrămioara alikuwa ameshika ramani yetu, ile tuliyoichora wiki nzima. "Jamani, hebu tulieni. Visima vinne vyote viko chini ya hamsini. Hiki kimoja kinatoa wapi mia mbili na hamsini? Karatasi imeharibika tu. Costel ameishika na vidole vyake vya pombe."

"Tupime tena," nikasema.

"Kwa nini? Kwa pua yako? Zimekwisha."

"Tukamwombe mwalimu nyingine."

"Tumwambie tulizitemea mate? Wee, unataka tupewe nne kwa kumi? Mashindano ya mkoa ni Ijumaa." Kisha akashusha sauti, akanishika mkono kama dada. "Na wewe fikiria vizuri, shoga. Hii ramani itabandikwa shuleni na kwa meya. Unataka kisima cha babu yako kiwekwe alama nyekundu, arobaini yake haijafika? Bibi yako atapita vipi kanisani?"

Hapo ndipo aliponipata. Siwezi kumsingizia. Niliona jina la babu kwenye saruji, nikaona mduara mwekundu juu yake, nikaona kila kikombe alichokuwa amejiwekea kikigeuka kuwa kitu kibaya. Mgongo wake ulipinda kwa kile kisima.

"Tupige kura," Petrișor akasema.

Tukapiga kura. Sikia hayo, Mwalimu: maji yalipigiwa kura! Mikono minne ilinyanyuliwa, na mmoja ulikuwa wangu. Kisha nikashika kalamu na nikaandika thelathini, kwa mwandiko mzuri. Petrișor akapaka mduara wa kijani, yaani salama.

Tulipata kumi kwa kumi. Tukapata na nafasi ya kwanza mkoani. Waamuzi walisema kikundi chetu kinaelewana sana.

Asubuhi ya ndoo ya ishirini niliteka maji kama kawaida. Mtu ataniuliza, mbona uliendelea? Nimejiuliza hilo mpaka kichwa kinauma. Nilijiambia karatasi moja inaweza kukosea. Nilijiambia watu wamekunywa hapo miaka kumi na moja na hakuna aliyeugua. Nilijiambia nikikatiza, Babu atabaki na kiu. Vyote hivyo nilijiambia kwa wakati mmoja, na mtu anayesema kweli hahitaji sababu tatu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Basi.

Siku ya ishirini na tatu nilijaribu. Nilimkuta Tinca jikoni, mtoto begani, anatikisa chupa.

"Da Tinca, haya maji unayachemsha?"

"Eeh, mama! Kwani mimi mshenzi?" Akacheka. "Nayaacha yatokote dakika kumi nzima. Sorinel wangu hanywi kitu kibichi."

Nilifungua mdomo. Mstari wangu wa rula niliuona kabisa, kama daftari liko mbele yangu.

"Vizuri," nikasema.

Ndoo ya thelathini na moja niliipeleka siku ya Alhamisi. Mlango ulikuwa wazi. Nesi wa zahanati alikuwa ndani, ameinama juu ya kitanda, na Tinca amesimama na nywele hazijachanwa. Midomo ya Sorinel ilikuwa ya kijivu. Kucha zake pia. Hakuwa analia. Alikuwa ametulia tu, anatazama dari.

"Anapumua vizuri, moyo unakimbia," nesi alisema. "Anakunywa maji gani?"

"Ya kisima cha marehemu Ilarie. Lakini hayo ni safi, shule wameyapima, yako kijani kwenye ramani." Tinca akaniona mlangoni. "Si huyu hapa! Muulize Smaranda, wao ndio waliopima."

Nesi akanigeukia. Ndoo ilikuwa bado mkononi mwangu, na hairuhusiwi kuiweka chini kabla ya kukabidhi. Alikuwa na haraka. Alitaka neno moja tu.

"Ni kijani?"

"Ndiyo," nikasema. "Kijani."

"Basi ni moyo," nesi akasema, akatoa simu kuita gari la wagonjwa, akaomba daktari wa moyo awe tayari.

Niliikabidhi ndoo. Nikachonga alama. Nikaenda shule.

Saa ya mapumziko niliwavuta watatu wale nyuma ya bohari la kuni, nikawaambia. Petrișor akaanza kulia papo hapo. Costel kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Lăcrămioara alikuwa mweupe, lakini akili yake ilikuwa inafanya kazi, ile hailali.

"Wako na madaktari sasa. Watajua wenyewe. Sisi tukisema, tutasaidia nini?"

"Watachelewa!"

"Hujui kama ni maji. Umeshakuwa daktari?" Kisha akasema polepole, "Tuliamua wote, Smaranda. Huwezi kutuuza peke yako."

Nikarudi darasani. Kipindi kilikuwa chako, Mwalimu. Nilikaa mita tatu kutoka meza yako dakika hamsini na sikunyanyua mkono.

Hospitalini mjini walipomtoa damu ilikuwa ya kahawia, kama chokoleti. Wakajua mara moja. Wakaacha habari ya moyo, wakaanza dawa yenyewe. Tinca anasema ilikuwa saa tisa. Sorinel alifariki saa tisa na nusu.

Wakaguzi wa afya walikuja na vyombo vyao, wakapata mia mbili na sitini. Wakakipigilia mbao kisima. Walituita ofisini, wakauliza thelathini yetu ilitoka wapi. Lăcrămioara akajibu kwa niaba ya wote kwamba vijikaratasi vilikuwa vimeharibika. Ukatutazama mmoja mmoja. Kwangu ukakaa muda mrefu. Halafu ukaandika: vifaa vilikuwa na kasoro. Uliandika hivyo, Mwalimu. Sikulaumu. Nakukumbusha tu kwamba kikundi chetu kilipata mtu wa tano.

Ndoo nane zilizofuata, Bibi alinituma nizipeleke kwa mzee mmoja jirani. "Ilarie hana kosa," alisema, akalia, akang'oa mbao kwa shoka kila asubuhi na kuzirudisha. Sikubishana naye. Niliteka.

Jumamosi ilikuwa arobaini. Hukuwepo, wewe unakaa mjini. Tulishuka mtoni, mimi miguu mitupu, Bibi, kasisi, majirani kama ishirini. Unabeba ndoo ya mwisho, ya kisima kile kile. Unaweka mshumaa na fimbo yenye alama kwenye nusu ya kibuyu, unauachia mkondo, na unauliza mara tatu: "Mnashuhudia kwamba nimembebea maji Ilarie?" Watu wanajibu: "Tunashuhudia." Hapo ndipo maji yanakuwa yake.

Tinca alikuja. Hakuna aliyemtarajia. Alisimama nyuma na nguo nyeusi zilizomzidi, na watu wakampisha, maana aliyepokea maji ndiye shahidi mkuu.

"Mnashuhudia kwamba nimembebea maji Ilarie?"

"Tunashuhudia."

"Mnashuhudia kwamba nimembebea maji Ilarie?"

"Tunashuhudia," wakasema, na safari hii nilisikia sauti ya Tinca kati yao. Alikuwa ananishuhudia! Mbele ya mto na mbele ya kasisi, ananihesabia kila ndoo.

Mara ya tatu sikuweza. Bibi akanigusa bega. "Sema, mwanangu, maliza."

"Tulipopima ilikuwa zambarau," nikasema. "Mia mbili na hamsini. Karatasi haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyeandika thelathini."

Mtu mmoja akasema, "Ee Mungu wangu." Bibi alitoa mkono begani kwangu.

Tinca akaja mpaka mbele. Alikuwa anazungumza chini chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Uliponiuliza kama nachemsha?"

"Nilijua."

"Na asubuhi ile, mlangoni?"

"Nilijua, da Tinca."

"Nilichemsha, Smaranda," akasema. "Dakika kumi. Siku nyingine kumi na tano, nihakikishe."

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Badala yake akainama, akachota kwenye ndoo yangu ya mwisho kwa kikombe cha bati kilichofungwa kwenye mpini, akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa. Akachota tena, nikanywa tena. Watu wote walikuwa wananitazama, hakuna aliyesogea. Yalikuwa baridi, matamu, hayana harufu, kama yalivyokuwa siku zote. Nilikunywa vikombe vitatu mpaka tumbo likauma kwa baridi, kisha nikasimama pale nikisubiri.

Hayakunifanya kitu.