Sulisuli Wanne wa Wiki Ile

Pale gatini walimwita Bi Ubao, na hakuwahi kuuliza kwa nini, maana jibu lilikuwa ukutani: ubao mweusi mrefu kama mlango, ambao kila jioni aliandika boti imepata nini, maji yana rangi gani na joto lake nyuzi ngapi. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo. Kila Ijumaa, saa sita mchana, aliyaingiza yote kwenye kompyuta akayatuma kwa wageni wanaovua kwa starehe, wale wanaopanda ndege kuja kupigana na samaki mmoja saa nzima, wapige naye picha, kisha wamrudishe majini akiwa hai. Wageni hao wakisoma kwamba samaki wapo, wanakuja. Wakisoma kwamba hawapo, wanakwenda pwani nyingine.

Mwaka ule hawakuwapo. Maji yalifika nyuzi thelathini na moja na hayakushuka. Ule mpaka wa maji ya buluu, ambao zamani ulikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka gatini, sasa hata ukienda saa nne hukuuona. Kijani tupu, kama maji yaliyooshewa mboga. Ndege wa baharini hakuna. Dagaa hakuna, na dagaa wakikosekana, mkubwa atafuata nini? Jodari walikuwa wamesahaulika, na sulisuli, yule wa mdomo mrefu kama mkuki anayefuatwa na wageni, hakuonekana. Ubaoni pale kwenye nguru alikuwa ameandika sifuri wiki saba mfululizo, mpaka akaacha kuifuta.

Boti tatu zilishauzwa. Iliyobaki ilikuwa moja, na nahodha wake ni shemeji yake Bi Ubao, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa miaka hamsini na minane ambaye hajawahi kufanya kazi nyingine tangu aote ndevu. Jumapili tajiri mwenye boti, anayekaa mji wa mbali, aliandika maneno machache: nisipoona sulisuli wanne kwenye taarifa ya Ijumaa hii, boti inapandishwa juu kwa kreni na kuuzwa.

Jumatatu, saa tano asubuhi, redio ya mawasiliano ikakoroma mezani.

"Bi Ubao, andika mmoja!"

"Wa kweli au wa ndotoni, shemeji?"

"Wa kweli! Ana pezi mgongoni kama pazia la sebuleni kwako!"

"Liache pazia langu. Ametiwa lebo?"

"Ametiwa, amerudi majini, mgeni analia kwa furaha."

Lebo ni kijiplastiki chenye namba. Kila sulisuli aliyekamatwa huchomekwa kimoja begani kabla ya kuachiwa, ili atakayemkamata tena ajue alikopita. Akikamatwa mwenye lebo tayari, ya zamani hukatwa, huchomekwa mpya, na ile ya zamani huletwa ofisini. Mwaka mmoja nyuma, baharia wa boti ile, mtu mzima mwenye kitambi chake, aliinua lebo juu aisome, upepo ukaichukua ikaishia baharini. Bi Ubao alimsema mbele ya wageni. "Kusoma ni kazi yangu. Wewe kata, tia bahasha, funga." Tangu siku ile baharia hakutupia jicho namba hata moja.

Jumanne akapatikana wa pili, naye ana lebo. Jumatano wa tatu, ana lebo. Alhamisi wa nne, ana lebo pia.

"Hawa ni wahamiaji," nahodha alisema redioni, sauti imemjaa kicheko. "Wamekimbia joto la huko kwao. Wanaanza kurudi, shemeji, umesikia? Wanaanza kurudi!"

Bi Ubao akaandika nne ubaoni, kubwa, akarudi nyuma hatua mbili aitazame. Mwaka mzima hakuwa ameandika kitu akapenda kukitazama.

Alhamisi jioni, boti ikiwa imefungwa, alikaa mezani na mkasi akafungua bahasha tatu za baharia, kama afanyavyo kila mkesha wa taarifa. Alitaraji namba za ugenini. Ya Jumanne ilikuwa na lebo 417. Akafungua daftari la lebo, ambamo huandika namba ya kila lebo mpya kabla ya kuwapa: 417 ndiyo waliyomchomeka samaki wa Jumatatu. Ya Jumatano ilikuwa 418, aliyochomekwa wa Jumanne. Ya Alhamisi ilikuwa 419, aliyochomekwa wa Jumatano. Akazipanga mezani, akazipangua, akazipanga tena. Zilibaki vilevile.

Nahodha alikuwa kizingitini akikunja koti. Bi Ubao akamwita.

"Shemeji, hawa si wanne. Ni huyo huyo mmoja."

Nahodha alizitazama zile lebo moja moja. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Kwani tajiri alisema wawe tofauti?"

"Usinitanie."

"Sikutanii. Mara nne amekamatwa, mara nne amepigana. Wanne ni wanne."

"Na wageni wakija? Wote wapange foleni kwa huyo huyo?"

Nahodha akavaa koti ambalo alikuwa ndiyo kwanza amelikunja. "Nipe mpaka kesho saa sita," alisema. "Nitakuletea mwingine. Nikipata wa pili, hata mmoja tu, tajiri nitambembeleza mwenyewe."

Ijumaa walitoka yeye na baharia, bila mgeni. Bi Ubao alikaa na redio tangu kulipopambazuka, akinyamazisha hata feni ili asikie vizuri. Saa nne ikakoroma.

"Amegusa."

"Ana lebo?"

"Anayo."

"Baharia aisome."

Ikaja sauti ya baharia, ya woga. "Bi, si ulisema nisisome?"

"Leo soma, mwanangu."

"Mia nne na ishirini."

Ndiyo waliyomchomeka Alhamisi. Bi Ubao alifumba macho.

"Hapigani," nahodha akasema. "Amekuja kama gunia lililolowa."

Walimshika mdomo wake mrefu ubavuni mwa boti, wakaenda polepole ili maji yapite mashavuni apate pumzi. Nahodha alisahau kuachia kitufe cha redio, hivyo Bi Ubao alisikia kila kitu: injini, maji, na mtu mzima akimsemesha samaki. "Haya baba. Pumua basi. Pumua, tumekukosea." Dakika arobaini. Halafu injini ikanyamaza.

"Ameondoka?" Bi Ubao aliuliza.

"Amezama."

Saa sita kasoro robo alikuwa mbele ya kompyuta. Aliandika nne kwanza. Ilikaa vizuri pale, na hakuna ambaye angejua. Daftari lilikuwa lake, na lebo angeweza kuzichoma. Akabonyeza redio.

"Shemeji, niandike nini?"

"Andika unavyoona."

"Nikiandika ninavyoona, wewe unapandishwa juu pamoja na boti."

"Najua. Mimi sitaki tena kumwona mtu akishangilia samaki yule."

Akaifuta nne. Akaandika: maji nyuzi thelathini na moja, kijani mpaka mbali, ndege hakuna, dagaa hakuna. Sulisuli mmoja, alikamatwa mara tano, amekufa. Akatuma.

Jibu la tajiri lilifika kabla ya boti. Lilikuwa na mstari mmoja: kreni Jumatatu.

Boti iliingia taratibu, kama kila siku. Baharia akarusha kamba, Bi Ubao akaidaka na kuifunga mwenyewe. Nahodha hakuuliza mpaka alipozima injini.

"Amejibu?"

"Amejibu. Jumatatu."

Aliitikia kwa kichwa. Akateremka, akasimama zegeni kama mtu anayesubiri sakafu ichezecheze.

"Kesho nitaamka saa kumi alfajiri, kama siku zote," alisema.

"Uende wapi, shemeji?"

"Sijui. Nitaamka tu."