Sahani Isiyo na Chumvi

Wanawake wengine hufuatana na waume zao safarini kwa ajili ya wivu. Mke wa Honi alipanda lori kwa ajili ya kabichi, na hilo lilimchukiza mumewe kuliko wivu wowote.

Daktari alikuwa amesema waziwazi: kwa presha ile, dereva akiendelea na chumvi na mafuta, ataanguka kwenye usukani. Mke alikwisha kumzika kaka yake kwa maradhi hayohayo, na hakutaka kuzika tena. Ndiyo maana alikaa pale kwenye kiti cha pembeni, hotpoti mapajani: kabichi ya kuchemsha, maharagwe na viazi, bila chembe ya chumvi.

"Niondolee hicho chakula cha wafungwa," alisema Honi. Madereva wenzake walimpa jina la Honi kwa kuwa hupiga kelele kabla hajakanyagwa.

"Kula, baba watoto. Safari ndefu hii."

"Ningekuwa mbuzi ningekula."

Akateremsha kioo, akachota kabichi konzi nzima, akaitupa nje. Majani mengine yakanata kwenye kioo cha pembeni. Haki ya Mungu, mke alitamani kumzaba kibao, ila lori lilikuwa kwenye mteremko.

"Nyumbani unamwaga, na huku unamwaga! Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Nilioa mke mimi, au nilioa daktari?"

"Ulioa mtu asiyetaka kuwa mjane, mpumbavu we!"

Wakanuniana mpaka mchana, kila mtu na dirisha lake. Walipofika kwenye mgahawa wa bati ambako malori yote husimama, Honi akataka kupita moja kwa moja, yeye aliyekuwa akilalamika njaa tangu asubuhi. Mke akagoma. Alitaka choo, na asiposimamishiwa gari atamalizia hapo hapo kitini. Honi akasimama huku akitukana.

Mke alipotoka chooni alimkuta mumewe ameinamia sahani, anakula mbio mbio. Damu ikamchemka. Chipsi, bila shaka! Akaivuta sahani kwa nguvu, kisha akaduwaa. Ilikuwa kabichi ya kuchemsha na viazi. Akaonja. Maji matupu.

"Hiyo hutaiweza, dada," alisema mwenye mgahawa akipangusa meza, akidhani ni abiria tu. "Haina chumvi. Huyu nampikia sufuria yake peke yake, mwaka wa pili sasa. Mwanzoni alikuwa mbishi, nikambembeleza weee, mpaka akazoea. Kwani wewe ni nani yake?"

"Mkewe. Na wewe?"

Mwenye mgahawa akamtazama Honi. Honi akatazama meza. Basi, jibu likawa limeshatoka.

Mwanamke mwingine angemrukia mwenzake, wachaniane nguo madereva wapate cha kusimulia. Mke, yeye macho yake hayakubanduka kwenye ile kabichi.

"Mimi sikukubembeleza?" alimuuliza mumewe. "Nimepika, nimelia, nimekupigia magoti!"

"Wewe unanilisha kama unaniadhibu," alisema Honi.

"Hee! Makubwa haya!" Mke akanyakua kopo la chumvi, akaliinua juu ya sahani. "Basi leo kula kama unavyokula kwangu!"

Honi, ambaye nyumbani humwagia chakula chumvi kabla hata ya kuonja, aliifunika ile sahani kwa mikono miwili.

"Kumbe kuishi unataka," mke alisema. "Ila si na mimi."

Akaliweka kopo mezani, akatoka nje kutafuta gari la kurudi kwa wanawe.