Maji Yaliyomtemea Fundi

Mashine yangu ya kusaga pale Kasulu ilianza kukata pumzi siku niliporefusha bomba la moshi. Sikulirefusha kwa mapambo! Moshi ulikuwa ukiingia dirishani kwa jirani yangu Shamsia, na Shamsia ana pumu. Bomba likapanda juu ya paa lake, akafungua dirisha, akapumua. Sasa nikimwaga nusu debe tu la mahindi, injini inakohoa, inazima.

Fundi Nsabimana, mzoefu wa malori ya Manyovu, akaniambia, "Mama Pelagia, likate bomba."

"Halafu Shamsia aumie? Pima kwanza moshi unasukuma kiasi gani!"

Tukatoboa bomba karibu na injini, tukaunga mpira unaoonyesha ndani, tukaukunja chini na kuutia maji. Moshi ukisukuma, maji yapande upande wa pili. Loo, yalirukaruka hata hayasomeki! Mimi, binti wa wapika pombe ya mtama, nikajitia ujuzi: mrija wa pombe si huwa na kichujio? Nikasokomeza kitambaa mdomoni mwa mpira. Maji yakatulia, yakapanda kidogo tu.

"Msukumo ni mdogo, bomba halina kosa," fundi akasema. "Injini ndiyo imekwisha."

Nilitaka kulia. Lakini mbona yaliruka? Swali hilo liliniwasha kuliko upupu. Nikachomoa kitambaa, nikamwaga mahindi. Maji yakaruka juu, yakamtemea fundi usoni! Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe moshi hautoki mfululizo. Unatoka kwa mapigo, na kila pigo lina mwangwi unaorudi kutoka mwisho wa bomba na kugongana na pigo linalofuata. Kitambaa kilikuwa kimetuficha ugomvi wote.

"Basi kosa ni la bomba," fundi akasema, akijifuta. "Tukate."

Shamsia alikuwa amesikia. Akaja na mtandio mdomoni. "Kateni tu, shoga. Nitahamia kwa dada yangu Kibondo."

"Huhami!" nikafoka. "Fundi, mwangwi ukirudi wakati mbaya, si tuucheleweshe? Ongeza bomba."

"Mtu anakohoa, wewe unamwongezea koo?"

"Ongeza!"

Akaunga kipande kifupi. Maji yakaruka zaidi. Akanitazama kwa jicho la nilikwambia. Akaunga kirefu. Nikamwaga debe zima, roho mkononi. Maji yakatikisika kidogo tu, na unga ukaanza kumiminika.

Shamsia alikuwa amesharudi kwake kufunga mizigo. Nikapiga kelele kuishinda mashine, "Shamsia! Fungua dirisha!"

Likafunguka.